Chenso ya mshikio wa juu: nunua kamba kwanza

Alizeti na uwele vikishaingia ndani, maswali ninayopata hapa Haneti hubadilika. Siulizwi tena habari za viwavijeshi, naulizwa habari za chenso. Hasa ile ndogo yenye mshikio juu ya injini, ambayo mtu hupanda nayo mtini kupunguza matawi. "Bwana shamba, nimeiona moja mjini, used, bei nzuri. Niichukue?"

Jibu langu litawaudhi baadhi yenu: wengi wenu msiichukue.

Kama kazi yako ni kisiki hai, machipukizi unayopunguza yana unene wa kidole gumba au wa mkono. Panga kali na msumeno wa mkono vinatosha. Matawi ya mkungugu ya kulisha mbuzi, vilevile. Mashine itakaa stoo, petroli itaganda kwenye kabureta, na mwakani utamuuzia mwenzio kwa hasara. Kukata magogo ukiwa umesimama chini nako si kazi yake. Mikono inakaa karibu karibu, kwa hiyo ncha ikigonga na mashine ikaruka kukurudia, huna nguvu ya kuizuia. Watengenezaji wenyewe huandika kwenye kitabu chake kuwa ni ya watu waliofunzwa kazi za juu ya mti.

Anayeihitaji ni kijana anayeitwa shuleni, zahanati au sokoni kupunguza miarobaini inayolalia mabati. Huyo inaweza kumlipa. Sasa nazungumza na wewe.

Ukifika kwa muuzaji, gusa silinda kwanza. Ikiwa ya moto, ameiwasha kabla hujafika, na mashine mbovu ikishapata moto huwaka vizuri tu. Kaa, kunywa chai, ipoe. Kisha ikiwa imezimwa, shika kamba ya kuwashia na uiache mashine ining'inie. Ikishuka kwa kusitasita, mgandamizo upo. Ikiporomoka moja kwa moja, pistoni imechoka. Omba eksozi ifunguliwe, ni skrubu chache, umulike ndani kwa tochi ya simu. Michirizi ya wima kwenye pistoni mara nyingi maana yake iliwahi kuendeshwa kwa petroli isiyo na oili ya kutosha. (Mashine nyingi za sasa hutaka mililita 20 za oili nzuri ya tu-stroku kwa kila lita ya petroli, nawe usikisie kwa kizibo cha soda.) Muuzaji anayekataa kufungua eksozi amekwisha kukujibu.

Iwashe. Ikiunguruma polepole, mnyororo usizunguke. Ipe moto kidogo, sukuma breki mbele, mnyororo usimame palepale. Breki isiposhika, ondoka, hata akikupa kwa nusu bei. Elekeza ncha kwenye kipande cha boksi ukiipa moto. Usipoona mstari wa oili, pampu haisukumi au njia imeziba. Mwisho ilaze upande huu na huu. Sauti ikipanda yenyewe, kuna mahali inavuta hewa.

Jina lisikupumbaze. Stihl MS 200T inasifiwa sana, na kwa haki, lakini haitengenezwi tena; nafasi yake ilichukuliwa na MS 201T, na nakala za rangi ileile ziko nyingi. Mimi siwacheki wanaonunua zile ndogo za Kichina za sisi 25 kwa kuanzia. Ninachouliza ni kama fundi wako ana spea zake. Namba ya mashine ikiwa imekwanguliwa, usitoe hela. Na kabla ya kulipa, pita ofisi ya TFS uulize utaratibu wa kumiliki na kutumia chenso, maana gharama hiyo nayo ni yako.

Sasa kamba. Niliwahi kusimama chini ya mwarobaini nikimwangalia kijana akikata kwa mkono mmoja, mwingine ameshika tawi. Mashine iliruka, mnyororo ukapita kwenye kamba ya katani aliyojifungia, ileile ya kufungia ng'ombe. Zilibaki nyuzi chache. Alishuka akiwa amekumbatia shina, hakusema neno. Mashine yake ilikuwa nzima kabisa, breki na kila kitu. Fedha yote ilikuwa imeishia kwenye mashine.

Kwa hiyo gawa bajeti kabla hujaenda mjini. Mkanda wa kupandia, kamba halisi ya kupandia iliyofungwa juu yako, na kamba fupi ya pili yenye waya ndani, ya kuzungusha kwenye shina wakati unakata. Kofia ngumu na miwani. Mtu wa chini ambaye hasimami chini ya tawi. Mikono miwili kwenye mashine kila unapokata. Tawi likiwa karibu na waya wa umeme, waite TANESCO, wewe usipande. Ukitoa hayo yote na salio halitoshi chenso, subiri msimu mwingine. Kwa sasa panda na msumeno wa mkono, utalipwa pia.

Na ukiipata, mwambie muuzaji mje nayo ofisini kwangu kabla hujamlipa. Bisibisi ninayo, tutafungua eksozi pamoja.