Mbona Mmerudi?



Tangu tulipotoka Ubelgiji, swali moja limetufuata kutoka uwanja wa ndege wa Luano hadi mlangoni pa kanisa: "Mama, mbona mmerudi?" Wachache wametuuliza kama watoto wa huko ni wazima. Wengi wametuuliza hilo tu, kwa mshangao, wakati mwingine kwa masikitiko, kana kwamba tuliletewa sahani ya nyama nasi tukairudisha jikoni. Kijana mmoja wa Kiro, mtoto mwenye adabu tumjuaye tangu ubatizo wake, alituambia kwa sauti ya chini kwamba kama yeye angepata viza ile, angeichana pasipoti siku ya kwanza.

Sisi tunaowaandikia ni dada wawili wa tumbo moja, wajane wote wawili, wakaaji wa Lubumbashi. Tulikwenda Liège kumtembelea binti wa mkubwa wetu, ambaye kwa desturi yetu ni binti wa sisi sote, pamoja na watoto wake wawili. Viza ya Schengen iliturusu siku 90. Tulikaa 80, kisha tukarudi. Tunapenda kusema bila kuzunguka kwamba kurudi kwetu hakukuwa ajali wala ujinga, na kwamba swali lenu, ingawa tunaelewa linatoka wapi, linasahau watu waliotupokea.

Tuanze na karatasi, maana wengi huzungumzia viza bila kujua imesimama juu ya nini. Mtu mzima hulipa euro 90 tangu Juni 2024, na akikataliwa fedha hizo hazirudi. Bima ya safari sharti iwe ya euro 30,000 walau. Hayo ni ya mfuko. Zaidi ya hayo, mgeni asiye na fedha za kutosha za kwake mwenyewe huhitaji hati ya dhamana. Jamaa yake aliyeko Ubelgiji huenda kwenye ofisi ya komini, huonyesha karatasi za mshahara, na hutia sahihi kwamba kwa muda wa miaka miwili atawajibika kwa matunzo ya mgeni huyo, kwa matibabu yake, na hata kwa gharama za kumrudisha kwao. Miaka miwili, kwa ajili ya ziara ya siku 90! Sahihi hiyo ilitiwa na binti yetu, mara mbili, kwa ajili ya mama zake wawili. Aichanaye pasipoti, basi, anachana pia karatasi ya mtu mwingine. Hilo hatujalisikia likitajwa hata mara moja katika mazungumzo yenu kuhusu mikili.

Katika miezi ya kungojea majibu ndipo tuliporudia kufuma. Mama yetu alijifunza sindano kwa masista, katika foyer ya wakati wa ukoloni, pale wanawake walipofundishwa kushona, kupika, kupiga pasi na kufuma sufu. Mengi ya mle yalinuia kumfanya mwanamke wetu awe kivuli cha bibi wa Kizungu, na hayo hatuyasifu. Lakini sindano zilibaki nyumbani, na Lubumbashi katika Juni na Julai si mji wa kudharau triko. Mama alitufundisha tungali wadogo, nasi tuliacha tulipoolewa, kwa sababu nguo za mitumba zilikuwa rahisi kuliko uzi.

Tuliamua kumfumia sweta mjukuu wa mwisho, msichana ambaye hatujawahi kumshika mkononi. Vipimo tulipewa kwa simu: mama yake alimzungushia kamba kifuani, kisha akailaza kamba juu ya rula. Tulifuma jioni, umeme ukiwepo na usipokuwepo, maana kufuma hakuhitaji macho sana bali vidole. Majibu ya viza yalikawia. Mtoto hakukawia kukua. Tulipofika na kumvalisha, mikono ya sweta iliishia chini kidogo ya kiwiko. Yeye alicheka. Sisi tulicheka pia, kisha usiku mmoja wetu akalia, kwa kuwa alikuwa ameona kwa macho yake urefu wa miaka tuliyoikosa.

Tumeruka jambo moja la njiani. Katika uwanja mmoja wa ndege, mlinzi alizitoa sindano zetu za chuma mfukoni, akazitazama kama mapanga, akazitupa pipani. Vitanzi sitini vya kazi nyingine vikabaki vinaning'inia hewani. Mnaofuma mnajua hofu hiyo. Tuliketi sakafuni pale pale, tukachukua kibanio cha nywele, tukapitisha uzi katika kitanzi kimoja baada ya kingine, hadi vyote sitini vikawa salama. Watu walituruka kwa mizigo yao. Tangu hapo tunasafiri na sindano za mbao, na hakuna aliyetuuliza tena.

Sasa Liège yenyewe. Binti yetu anafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Anaamka saa kumi usiku, anapanda basi la kwanza, anawaogesha watu ambao watoto wao huja kuwaona mara chache, anarudi alasiri na miguu iliyovimba. Jumamosi moja kati ya mbili huenda tena. Kwa simu hakutuambia. Kwa simu tulisikia tu, "Mama, niko salama, leo nimetuma kidogo." Na sisi, tusifiche, tulikuwa tukimwomba: ada ya mtoto wa kaka, dawa, paa la nyumba, mchango wa matanga. Tulipomwona akihesabu sarafu usiku juu ya meza, huku akiandika majina yetu kwenye daftari la shule, tuliona aibu. Tulikuta jina la jamaa ambaye hatukujua kama anampigia. Alikuwa akiomba fedha za simu mpya.

Hilo peke yake lilitosha kuifanya ziara iwe na maana. Familia inayopeleka maombi bila kwenda kuona inaweza kumla mtu polepole bila kujua kwamba inamla. Si kila mtu ataweza kusafiri, tunajua. Lakini anayeweza, aende aone, kisha arudi aseme, maana akibaki kule atasema nani?

Nyumba yao iko ghorofa ya nne. Watoto shuleni, mama kazini, sisi wawili na saa ya ukutani. Siku ya tatu tulitambua kwamba tangu asubuhi hakuna mtu aliyegonga mlango, hata wa kuomba chumvi. Katika Novemba giza lilikuwa likiingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Bila kufuma, pengine tungekuwa mzigo wa pili kwa yule binti, tukikaa dirishani tukilalamikia baridi. Badala yake tulifumua lile sweta dogo, tukaukunja uzi upya, na Jumapili baada ya Misa tukashuka kwenye soko la La Batte, kando ya mto Meuse, tukaongeza uzi wa rangi ya udongo. Kufumua kunachukua saa moja kazi ya miezi mitatu. Mwanzoni kunauma, baadaye mkono hupenda, maana uzi hautupwi.

Safari moja tuliyoifanya kwa ajili ya sufu tu ilikuwa ya Verviers, mji ulio karibu na Liège kwa treni. Hapo zamani Verviers iliishi kwa sufu. Maji ya mto Vesdre yalifaa sana kuosha manyoya ya kondoo, na mwaka 1799 fundi mmoja Mwingereza, William Cockerill, alifika hapo akaunda mashine za kusokotea uzi. Hakuwa na shamba wala cheo katika nchi hiyo; alikuwa na ujuzi. Viwanda viliongezeka, na mji ukajulikana mbali. Leo kuna jumba la makumbusho ya sufu, na nje yake kuna nyumba nyingi zilizofungwa. Mafuriko ya Julai 2021 nayo yaliwaachia watu jeraha jingine. Tulisimama mbele ya mashine zile zilizonyamaza tukatazamana bila kusema. Mume wa mmoja wetu alikuwa miongoni mwa wafanyakazi zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines mwaka 2003 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Tulikuwa tumedhani kwamba mji kupoteza kazi yake ni ugonjwa wa kwetu.

Katika treni ya kurudi, bibi mmoja Mbelgiji aliyeketi mbele yetu alitazama mikono yetu muda mrefu. Kisha akaomba sindano. Akaibana moja chini ya kwapa la kulia, akafuma mstari mzima bila kutazama. Tulishangaa: ndivyo masista walivyomfundisha mama, na ndivyo mama alivyotufundisha. Naye alisema ndivyo mama yake alivyofanya. Kifaransa chetu ni cha darasa la sita, cha kwake kilikuwa cha haraka, lakini hatukukwama. Alishuka kabla yetu. Hatukuulizana majina.

Mjukuu ndiye aliyetupa furaha kubwa kuliko yote. Haongei Kiswahili, anaelewa "njoo", "kula" na "acha". Aliomba kufundishwa, nasi hatukuwa na maneno ya Kifaransa ya kazi hiyo, kwa hiyo tulimfundisha kwa Kiswahili: ingiza, zungusha, vuta, achia. Vitanzi vilihesabiwa kwa Kiswahili pia. Alipokosea hesabu alianza tena kutoka moja. Mwisho wa mwezi wa pili alihesabu hadi arobaini bila kusita, na mama yake, aliyekuwa ameshajilaumu sana kwamba watoto hawana lugha ya kwao, alisimama mlangoni na koti lake la kazi akimsikiliza.

Usiku wa wiki ya mwisho binti yetu aliketi kati yetu akasema, "Mama, bakini. Kuna njia. Wengine wamefanya." Tusiwadanganye kwamba hatukutikisika. Hospitali ya huko tuliiona. Maji ya bombani tuliyanywa. Mmoja wetu ana shinikizo la damu, na dawa za Lubumbashi anazijua bei yake. Tulinyamaza muda mrefu. Kisha mkubwa akamwuliza, "Na sahihi yako ya komini?" Hakujibu. Alifahamu vizuri kuliko sisi. Alikuwa ametusihi kwa upendo, si kwa hesabu, nasi tuliona kwamba upendo wetu ulipaswa kufanya hesabu kwa niaba yake. Yupo pia mdogo wetu wa kiume anayesubiri zamu yake ya kumwona mpwa wake. Sisi tukipotea katika mji wa watu, ni nani atakayeamini ombi lake?

Kijana wa Kiro, tunarudi kwako. Ulipotusikia tukieleza haya, ulijibu, "Mama, ninyi mlikuwa na nyumba ya kurudia." Neno lako lilituchoma, kwa kuwa lina ukweli. Tuna nyumba, tuna umri, tumeshalea. Wewe una diploma na unauza kadi za simu kando ya barabara. Hatuwezi kukuambia kwamba Lubumbashi inakungoja mikono miwili. Wala hatuwahukumu waliokimbia vita. Mtu anayekimbia risasi hadaiwi maelezo na mtu yeyote. Na aliye na mkataba wa kazi au nafasi ya masomo, aende mchana, kwa mlango wa mbele.

Tunachokataa ni ile dharau ndogo iliyo ndani ya "mbona mmerudi", inayomfanya kila arudiye aonekane ameshindwa. Dharau hiyo ndiyo inayowafanya watu wadanganye kwenye simu. Ndiyo iliyomfanya binti yetu afiche miguu yake iliyovimba miaka yote hiyo, kwa kuwa aliogopa kuonekana ameshindwa naye. Ndiyo inayowasukuma wengine hadi Libya na baharini, na mama zao wasipate hata kaburi la kulia juu yake. Ninyi mnaweza kuivunja kwa kubadili swali tu. Mtu akirudi, mwulize: umewaonaje wa huko?

Tulipotua Luano jua lilikuwa kali na masweta yalikuwa mikononi. Tangu hapo tunafuma Jumamosi baada ya saa tisa, katika ukumbi mdogo wa parokia, na wasichana watano huja, pamoja na mvulana mmoja ambaye wenzake walimcheka wiki ya kwanza. Uzi ni ghali, kwa hiyo tunafumua masweta ya mitumba ya sokoni na kuukunja upya. Leteni yenu yaliyotoboka.

Juzi simu iliita usiku. Alikuwa mjukuu, anapiga kwa simu ya mama yake, bila salamu, kwa haraka ya mtu aliyepatwa na hatari: "Nkambo! Kitanzi kimeanguka. Cha kumi na saba." Tukamwambia asivute.