Tamko la Mafundi wa Umeme wa Mitambo Mizito, Busia na Malaba: Kupima Hitilafu Ni Kazi, na Kulipiwe

Sisi mafundi wa umeme wa mitambo mizito tunaofanya kazi Busia, Malaba na vituo vilivyo kati ya miji hiyo miwili, tuliokutana Busibwabo, tunatoa tamko hili kwa wakandarasi, wenye mashine, maopareta, wachomeleaji na wauza spea. Linahusu eskaveta zinazosimama kazini kwa sababu ya namba iliyotokea kwenye skrini, na pesa zinazopotea tangu namba hiyo ionekane hadi mashine ingurume tena.

Msimamo wetu ni huu. Namba ya hitilafu haimwambii mtu anunue nini. Inamwambia aanzie kupima wapi. Kupima huko kunataka muda, vifaa na ujuzi, na kuanzia sasa mwanachama wetu atadai malipo yake hata kama mwisho wa yote kilichopatikana ni plagi iliyoshika kutu.

Eskaveta nyingi za miaka ya karibuni zinafuata utaratibu wa J1939, ambamo hitilafu huja kwa namba mbili. Ya kwanza, SPN, hutaja saketi inayolalamika. Ya pili, FMI, hutaja inalalamika nini. Komatsu huandika namba za injini zikiwa na CA mbele, Caterpillar ina mtindo wake, lakini wazo ni lilelile. Chukua 110 na 4. Hiyo 110 ni joto la maji ya injini. 4 ni kwamba volti zimeshuka chini ya kiwango. Mwenye mashine akisikia hivyo hukimbilia dukani kununua sensa. Fundi anayeijua kazi huchomoa kwanza plagi ya sensa, kisha akatazama skrini. Sensa hii ina nyaya mbili, na ikichomolewa volti zinapaswa kupanda, hivyo 4 igeuke kuwa 3. Ikigeuka, waya ni mzima na sensa ndiyo iliyokufa. Hapo nenda dukani. Ikibaki 4, sensa haina kosa. Kuna mahali waya umesuguliwa mpaka ukagusa chuma, na kazi iliyobaki ni kuufuata kwa mkono na tochi hadi upatikane. Jaribio lenyewe ni la dakika chache. Kuufuata waya ndiko kunakokula siku, na ndiko watu wasikotaka kulipia.

Namba zikija kumi kwa mpigo, hasara huwa kubwa zaidi. Sensa kadhaa hulishwa volti 5 na laini moja ya kompyuta. Moja ikipiga shoti, jirani zake zote hulalamika. Vilevile, betri mbili za volti 12 zinazofungwa kwa mfululizo kupata 24 zikichoka, au waya wa arthi kati ya injini na bodi ukilegea, volti huanguka stata inapovuta, na kompyuta huandika malalamiko yasiyohusiana kabisa na sehemu zilizotajwa. Tumekuta mashine imebadilishiwa sensa tatu huku boliti ya arthi ikizunguka kwa vidole.

Halafu kuna suala la kompyuta zenyewe. Ile ya injini, ya pampu na ya skrini huzungumza kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, utaratibu wa CAN ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Kila ncha ya nyaya hizo ina rezista ya omu 120. Zima mashine, fungua betri, upime kati ya nyaya hizo mbili. Ukipata 60, nyaya ziko salama. Ukipata 120, waya umekatika au rezista moja haipo. Ikisoma karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Mita ya kawaida inatosha. Hata hivyo kompyuta nzima zinang'olewa, na mtu anapanda gari kwenda soko la Kisekka, Kampala, maana kwetu ni karibu kuliko Nairobi, kutafuta ya mtumba. Kompyuta ya mtumba haichomekwi tu ikafanya kazi. Isipowekewa data za mashine inayoingizwa, huongeza namba mpya juu ya zile za zamani, na hapo hata fundi mzuri hupotea.

Nyaya hizi huharibikia kazini. Mashine inayonyanyua udongo wa matuta ya mto Nzoia kule Budalang'i hushinda matopeni. Ya machimbo ya murram hula vumbi. Jioni zinaoshwa kwa maji ya presha, na zikilala wiki mbili panya huhamia ndani. Hayo tumeyazoea. Tusichokubali ni mchomeleaji kuchomelea baketi huku betri zimefungwa na klampu yake ya arthi iko upande wa pili wa mashine. Afungue betri, achomoe plagi za kompyuta pale mtengenezaji anapoagiza, na afunge klampu karibu kabisa na anapochomelea. Opareta naye asifute namba kabla hatujafika. Apige picha ya skrini kwa simu, akumbuke mashine ilikuwa ikifanya nini. Namba inayotokea kila bumu linapoinuliwa inatuelekeza kwenye waya unaojikunja pamoja na bumu, na kwa kulijua hilo tu nusu ya kazi imekwisha.

Kwa wenzetu hatufichi. Fundi anayeunga waya moja kwa moja kuipita swichi ya wenzo unaofunga haidroliki, ili mashine ifanye kazi tu leo, anahatarisha roho ya mtu aliyesimama chini ya bumu, na anakwenda kinyume cha makusudi ya Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Anayeweka waya wa shaba mahali pa fyuzi naye yumo humo. Hao hatutawatetea mkandarasi akija kudai fidia.

Kila mwanachama ataandika namba alizozikuta, volti na omu alizopima na mahali alipopimia, na mwenye mashine atapewa nakala. Mashine za huku huvuka mpaka juu ya lobedi, na fundi wa upande wa Uganda asilazimike kuanza upya. Wauzaji wa mitambo tunawaomba waziuze hadharani ramani za nyaya, tuko tayari kuzilipia. NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, nayo tunaiomba izingatie upimaji wa nyaya za CAN katika mitihani yake ya ufundi, kwa mikono na mita, si kwa karatasi.

Ada ya kupima itabandikwa ukutani katika kila karakana ya mwanachama. Mteja ataiona kabla boneti haijafunguliwa, na akiamua baadaye kutengenezewa kwingine, ataondoka na karatasi ya vipimo akiwa amelipa ada hiyo.

Limetolewa Busibwabo na mafundi wa umeme wa mitambo mizito, Busia na Malaba.