Chanjo ya Mafua na Jirani Mwenye Saratani

Miezi ya Juni na Julai, ukungu wa Mlima Meru ushukapo hadi Ngarenaro na Kaloleni, kikohozi husikika katika nyumba nyingi za Arusha. Kwa mwenye afya ni taabu ya siku chache. Lakini kwa ndugu anayetibiwa saratani yaweza kuwa hatari kubwa, kwani dawa nyingi zinazoua saratani huzipunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Mafua yakimshika huweza kugeuka kichomi, na matibabu yake yakalazimika kuahirishwa.

Siku moja tulikwenda kumzuru jirani aliyetoka katika matibabu hayo, nasi tuna mafua. Mkewe alitupokea mlangoni kwa adabu, akatuomba turudi tukiisha pona. Tulirejea nyumbani na haya, tukawauliza wenye elimu.

Madaktari hushauri mgonjwa wa saratani achanjwe mafua kila mwaka, kwa kuwa virusi vyake hubadilika. Chanjo ya sindano haina virusi hai, basi haiwezi kumtia mtu mafua. Maumivu ya mkono au homa ndogo hupita kwa siku moja au mbili. Ile ya kupuliziwa puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa, nayo haimfai. Kinga huchukua kama wiki 2 kujengeka. Kwa hiyo ni bora achanjwe wiki 2 au zaidi kabla ya kuanza dawa. Ikiwa amekwisha anza, daktari wake ndiye atakayechagua siku. Na kwa kuwa mwili wake dhaifu huenda usipate kinga kamili, yafaa watu wa nyumbani mwake nao wachanjwe, wawe ukuta wake.

Chanjo hii haimo katika zile wapewazo watoto wetu kliniki. Basi mwenye mgonjwa na aulize anakotibiwa, iwe hapa Arusha, KCMC ya Moshi au Ocean Road ya Dar es Salaam.

Wako wasemao kwamba kuchanjwa ni upungufu wa tawakkul. Mtume wetu (s.a.w.) alimwagiza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu, tena alikataza ngamia wagonjwa kupelekwa kwa wazima. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu. Kutomdhuru ni haki yake vilevile. Mwenye mafua na atume salamu, uji na dua, naye abaki nyumbani mpaka apone. Nanyi vijana, waelezeni wazee jambo hili kwa adabu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.