Saratani ya ini: kinga ianze siku ya kuzaliwa

Saratani ya ini si uchawi. Kaskazini mashariki mwa Thailand, saratani ya mirija ya nyongo imezidi kwa sababu watu hula samaki wabichi wa mtoni wenye minyoo ya ini. Kwetu Afrika chanzo kikuu ni virusi vya homa ya ini B, na sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu huongeza hatari.

Tuanike nafaka vizuri, lakini haitoshi. Mtoto anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, chanjo ya wiki ya 6 humkuta amechelewa. Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wote wachanjwe ndani ya saa 24. Kila wodi ya wazazi kambini iwe na chanjo hiyo.