Kompyuta Inaposema "Kitufe, Kitufe, Kitufe"

BARAZANI MASKATI
Na Zuwena Khalfan

Ofisi nyingi za mji huu bado hazijaachana na mtindo wa muhuri. Karani anaandika tangazo kwenye kompyuta, analichapisha, mkubwa wake anatia saini na kugonga muhuri, kisha karatasi inaskaniwa na kurushwa WhatsApp au kuwekwa kwenye tovuti. Sisi tunaoona hatushtuki. Lakini karatasi ile ilipopita kwenye skana, maneno yalikufa ikabaki picha. Asiyeona akilifungua tangazo, programu inayomsomea skrini inamwambia hapa pana picha, basi. Na kumbe muda mfupi kabla, kwenye kompyuta ya karani, tangazo lile lile lilikuwa likisomeka lote, kuanzia bismillahi mpaka tarehe.

Ipo njia ya kuifanya kompyuta ikisie maandishi yaliyomo ndani ya picha, lakini muhuri ukiangukia juu ya tarehe ya mwisho ya maombi, nani ataukubali ukisiaji huo? Sheria ya miamala ya kielektroniki ya Oman, ya mwaka 2008, ilikwishaitambua saini ya kielektroniki. Kwa hiyo safari ya printa na skana mara nyingi ni mazoea tu. Anayeupenda sana muhuri wake augonge, ila atume na faili la maandishi.

Ami yangu haoni tangu utotoni. Kompyuta anaitumia kwa NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini ambayo Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, alianza kuitengeneza mwaka 2006. Kipanya hakigusi, anakwenda kwa kibodi, na sauti ameiharakisha hata mimi nikikaa naye nasikia mvumo tu. Juzi alikuwa akijaza fomu ya kampuni moja nikamwomba apunguze kasi nisikie. "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Sehemu ya kuandika." Kuandika nini? Jina, au namba ya kitambulisho? Aliyeitengeneza fomu aliweka maelezo kando ya kisanduku kwa ajili ya macho, hakuyafunga na kisanduku chenyewe ndani ya programu, kazi ya dakika chache. Tarehe ya kuzaliwa ikataka ichaguliwe kwenye kalenda inayotii kipanya peke yake. Hapo nikamsaidia. Ikaja namba ya siri inayotumwa kwa simu: simu inasema huku, kompyuta inasema kule, na alipoipata muda ukawa umekwisha, fomu imerudi mwanzo.

"Niandikie wewe, mwanangu, tumalize."

Nikaandika, na kwa kuandika nikaujua mshahara wake, jambo ambalo mtoto wa ndugu hana haki ya kulijua. Msiniambie kuna ofisi za Sanad. Zipo, na makarani wake ni hodari wa kujaza fomu za serikali. Tofauti ni kwamba anayeona akienda Sanad amejiamulia, wakati asiyeona analazimika kumtajia mtu baki mambo yake huku foleni inasikiliza.

Zamani kisingizio cha kumwacha nyuma asiyeona kilikuwa gharama. JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, aliyoianzisha Ted Henter wa Marekani mwaka 1989 baada ya ajali ya gari kumpofua, ni ya kununua, na si rahisi. Leo NVDA ni bure, iPhone zina sauti ya kusoma skrini tangu 2009, na Android nazo zinayo. Jumuiya ya Al Noor ya wasioona ipo hapa tangu 1997, na Taasisi ya Omar bin Al Khattab inasomesha watoto wasioona. Oman iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu chake cha 9 kinataja mawasiliano na intaneti waziwazi. Upande wa asiyeona umejitayarisha. Anayesubiriwa ni mwandishi wa programu, na zaidi yake bosi anayempa kazi bila kumwuliza kama asiyeona ataweza kuitumia.

Waswahili wa Maskati tuna la kwetu la ziada. Fomu ni ya Kiarabu, programu ni ya Kiingereza, ujumbe wa jamaa wa Unguja ni wa Kiswahili. eSpeak, sauti inayokuja pamoja na NVDA, Kiswahili inakijua, ingawa inakisema kibati-bati. Lakini ami asipokumbuka kubadilisha lugha, habari za nyumbani anasomewa kwa ulimi wa Kiingereza, na huwezi kujua mara moja umeitwa harusini au msibani.

Dawa ni nini? Kenya mwaka 2022 ilitoa kiwango chake, KS 2952, cha bidhaa na huduma za kompyuta zinazofikika na watu wenye ulemavu. Kiwango ni kizuri, lakini mimi ningeanzia kwenye malipo. Kabla kampuni au wizara haijalipia programu, kipanya kichomolewe, skrini izimwe, NVDA iwashwe, na fomu moja ijazwe mpaka mwisho. Isipofika mwisho, pesa zisitoke. Na wajaribishaji wawe wasioona wenyewe, Maskati hawakosekani, walipwe kama anavyolipwa fundi yeyote, si kupewa cheti, kahawa na halua.