Taka za viwanda vya chuma ni mali, lakini mkaa utatoka wapi?

Chuma chenye moto kinapopitishwa kwenye mashine kugeuzwa nondo, juu yake hubanduka magamba meusi. Hufagiliwa na kurundikwa pembeni. Ukiyatazama ni uchafu tu. Ukiyapima, takriban asilimia 70 ya uzito wake ni chuma.

Kuna na vumbi. Tanuru la umeme likiyeyusha vyuma chakavu, kila tani ya chuma huacha kilo 15 hadi 20 za vumbi lenye chuma, zinki na madini ya risasi. Marekani inalihesabu kuwa taka hatari, maana mvua ikilipiga, sumu hiyo inaweza kushuka hadi kwenye maji.

Chuma kinarudishwaje?

Magamba hayo, kama kutu, ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Ili kukipata tena, oksijeni lazima iondolewe, na kazi hiyo hufanywa na kaboni. Taka zikisagwa, zikachanganywa na unga wa makaa na kuchomwa kwa joto linalozidi nyuzi 1,000, kaboni hunyakua oksijeni na kuondoka nayo kama gesi. Chuma kinabaki. Zinki iliyo kwenye vumbi hugeuka mvuke, ikanaswa na kuuzwa.

Shida ni kwamba kaboni hiyo kwa kawaida hutoka kwenye makaa ya mawe. Ndiyo maana sekta ya chuma pekee inachangia karibu asilimia 7 ya hewa ya ukaa duniani.

Mbadala upo: mkaa wa miti, vifuu vya nazi, pumba za mpunga. Kaboni yake ilitoka hewani juzi tu, na mmea mpya ukikua unaichukua tena. Mkaa pia una salfa kidogo, jambo ambalo watengeneza chuma wanalipenda. Pumba zina kasoro yake: majivu mengi.

Brazil imeshajaribu

Brazil inaongoza duniani kwa kutengeneza chuma kwa mkaa. Katika jimbo la Minas Gerais, kampuni ya Aperam inaendesha matanuru yake kwa mkaa wa mikaratusi iliyopandwa kwa kazi hiyo.

Ila kuna upande wa pili. Kwenye ukanda wa Carajás, majimbo ya Pará na Maranhão, matanuru yaliyojengwa kuanzia miaka ya 1980 yalikula mkaa wa msitu wa asili wa Amazon. Wakaguzi wa serikali walikuta kambi za mkaa ambako watu walifanyishwa kazi kama watumwa.

Teknolojia ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni mti ulikatwa wapi, na nani aliukata.

Kwa nini ni ishu kwetu?

Viwanda vingi vya nondo Afrika Mashariki hutegemea vyuma chakavu, kwa hiyo magamba na vumbi vipo hapa hapa. Vifuu na pumba navyo vipo. Lakini mkaa ndio unaopikia mamilioni ya familia mijini, na misitu tayari imeelemewa.

Kiwanda kikiingia kwenye soko hilo hilo la gunia la mkaa, bei itapanda jikoni na miti itazidi kukatwa. Kikianza na mabaki ya shamba au miti yake chenyewe, hesabu inabadilika. Kwa hiyo siku mwekezaji akija na habari za "chuma cha kijani", swali la kwanza la kumuuliza ni moja: mkaa wako unatoka wapi?