Kavumu: kabla ya salo ya wakubwa, kiti cha raia

Nairobi, abiria wa Kenya Airways mwenye tiketi ya daraja la juu anangojea ndege katika salo iitwayo Pride: chakula, intaneti, viti laini. Mfanyabiashara wa Bukavu anayepitia huko kwenda Kinshasa anaweza kujiuliza kama Kavumu, kwao, kungojea kutakuwa na heshima siku moja.

Swali hilo lina haki. Viwanja vya Kongo vinatoza Go-Pass tangu 2009: ilianza na dola 10 kwa safari ya ndani, dola 50 kwa safari ya nje. Pesa hizo ziliombwa kwa ajili ya kujenga na kutengeneza viwanja, na raia alilipa.

Tarehe 14 Februari 2025, M23 walikamata Kavumu. Kwa wakaaji wa Bukavu, safari ya saa chache bila kuvuka mpaka iligeuka mzunguko: Ruzizi, Rwanda, kisha Entebbe, Nairobi ao Addis-Abeba. Mwenye pesa ananunua starehe njiani. Mgonjwa na mwanafunzi wanabakia na gharama na uchovu.

Uwanja utakapofunguliwa kwa abiria wote, pengine salo nzuri ya wakubwa itapangwa. Si vibaya. Lakini kazi ianzie ukumbi wa wote: viti, maji, choo safi, mahali pa kulaza mgonjwa. Dola 10 za mama wa soko la Kadutu zina uzito sawa na dola 10 za waziri.